Ngome Kongwe ya Unguja na Nyumba Yetu ya Zamani

Neno tunalotaka kulinena mwezi huu halikuanzia kitabuni, lilianzia barazani kwa wazee. Katika kijiji chetu iko nyumba ya shule ya kwanza, iliyojengwa na babu zetu kwa mawe na chokaa. Watoto wamekwisha kuhamia katika majengo mapya, na nyumba ile imekaa kimya. Popo wamefanya kwao darini, na mvua huingia katika pembe ya mashariki. Wazee wakakutana kushauriana. Mmoja alisema ibomolewe, mawe yake yatiwe katika msingi wa zahanati. Wa pili akataka ipangishwe iwe ghala la korosho. Vijana wa kwaya, ambao hawakuulizwa, wakasema waachiwe wao, wapate mahali pa kuimbia na kuigiza michezo, na kufundishana ngoma na kuchonga. Basi tukatumwa sisi, maana mwalimu husadikiwa kuwa ajua kila kitu, twende Unguja tukazitazame nyumba za kale zilizofufuliwa kwa kazi kama hiyo, na tukirudi tuseme kama jambo lenyewe lafaa, au kama ni ndoto ya vijana tu.

Haya ndiyo tuliyoyaona na maoni yetu juu yake. Sifa za Mji Mkongwe zimekwisha kuandikwa na wasafiri wengi, na tangu mwaka 2000 mji wote umewekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hauna haja ya sifa zetu. Sisi tulikwenda na swali la wazee mfukoni, nasi tulilipima kila jengo kwa swali hilo.

Tulianza na Ngome Kongwe. Inasimama Forodhani ikiikabili bahari, kuta zake za mawe ya matumbawe zina meno juu kama msumeno. Kabla ya ngome, hapo palikuwa na kanisa dogo la Wareno. Waarabu wa Omani walipowatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, walijenga ngome yao mahali pale pale, na mabaki ya majengo ya Wareno yangali yanaonekana katika ukuta wa ndani. Baadaye ikawa kambi ya askari, na katika karne ya 19 ikawa kifungo. Wajuao asili ya maneno husema kwamba neno letu hili "gereza" latoka katika neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Tulisimama mbele ya ukuta ule tukawaza jinsi jina la nyumba ya sala lilivyogeuka kuwa jina la nyumba ya minyororo, wala hakuna aliyeliuliza neno kama laridhika.

Mambo hayakuishia hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngome ilikuwa ghala la vifaa wakati ilipojengwa reli ya kwenda Bububu. Mwaka 1949 ilitengenezwa tena, na uani pakafanywa kiwanja cha mabibi kucheza tenisi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikaachwa. Ndipo katika miaka ya 1990 uani humo ulipojengwa ukumbi wa wazi, wenye ngazi za kukalia zilizopindwa kama nusu ya duara, na ngome ikawa mahali pa muziki na sinema na michezo. Kanisa, ngome, kifungo, ghala, tenisi, muziki: nyumba moja imevaa kanzu sita. Tuliporudi tukawaambia wazee habari hii, yule aliyetaka ghala la korosho alicheka sana, akasema kwamba basi hata ghala si aibu, ni zamu tu.

Sasa twaja kwenye hukumu yetu. Kazi ya wale waliotengeneza ngome twaisifu kwa jambo moja kubwa: hawakuona haya kwa uzee wake. Hawakuzipaka kuta rangi ya maua ili zifanane na hoteli. Hawakuyakwangua mabaki ya Wareno ili ngome iwe ya Waarabu watupu, wala hawakuyakuza mabaki hayo ili Wareno waonekane wakubwa kuliko walivyokuwa. Jengo jipya waliliweka chini, katikati ya ua, wakaziacha kuta ziwe kuta. Usiku, mwimbaji anaposimama jukwaani, nyuma yake iko ngome yenyewe, na hapana pazia lililochorwa na mtu liwezalo kushindana nayo. Tulikaa juu ya zile ngazi saa mbili nzima, na sauti ya udi ilitufikia vema, kwa kuwa kuta zinaizunguka kama viganja viwili vinavyokinga moto wa kibiriti usizimwe na upepo.

Lakini ukumbi ule hauna paa. Wengine wamelaumu jambo hilo. Sisi tumelifikiri, na hatulilaumu. Tamasha la muziki liitwalo Sauti za Busara, lililofanywa mara ya kwanza mwaka 2004, huwekwa Februari, kaskazi inapovuma na ardhi ni kavu. Tamasha la sinema za nchi za jahazi, lililoanza mwaka 1998, kwa miaka mingi limewekwa katika miezi ya kipupwe, masika yakiisha. Ndiyo kusema jengo limewatungia watu kalenda, nao wakaifuata. Mkulima hataona ajabu, maana yeye siku zote hukubaliana na mbingu kabla ya kupanga kazi yake.

Tuligundua na jambo jingine ambalo lilitufaa kuliko yote, nalo ni la boriti. Nyumba za mawe za Unguja zimeezekwa na kusakafiwa juu ya boriti za mikoko, na mkoko haukui ukawa mrefu kama mvule. Kwa hiyo upana wa chumba hufuata urefu wa boriti: vyumba huwa virefu, na vyembamba kama vichochoro. Hii ndiyo sababu katika nyumba nyingi za kale za mji ule huwezi kupata ukumbi wa kuwaketisha watu mia tatu, ujapokuwa na fedha. Mtu akiichukua nyumba ya namna hiyo, akaitaka iwe ya mikutano mikubwa, hana budi kuzivunja kuta za ndani, na akizivunja nyumba itamlilia. Walakini vyumba vyembamba vina kazi yake. Forodha ya zamani, iliyo kando ya bahari njia ya Mizingani, ilikaliwa kwa miaka mingi, tangu 2002, na chuo cha muziki wa nchi za jahazi. Huku mmoja anafundishwa kanuni, huku fidla, huku ngoma, kila mmoja katika chumba chake, na asiye mwanafunzi akipita njiani husikia zote kwa pamoja. Ua wa ngome ulifaa mkusanyiko. Vyumba vya forodha vilifaa mafundisho. Twaona wale waliochagua walifanya vema, kwa sababu waliiuliza nyumba kwanza iwezalo, kisha wakaipa kazi.

Tukilinganisha mahali hapa pawili, hatuna budi kusema wazi kwamba chuo kile kilitugusa kuliko ngome. Tamasha ni siku chache za mwaka. Likiisha, jukwaa hufunguliwa misumari, wageni hupanda meli, na ngome hurudi katika maisha yake ya mchana. Na maisha yale ya mchana ndiyo tunayoyalaumu. Tulipoingia asubuhi tulikuta vibanda vya vinyago na picha za tingatinga. Namna hii ya picha ilianzwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, mtu aliyechora kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao za masonaiti, akawapa twiga na chui wake uhai wa ajabu. Picha tulizoziona ngomeni zilikuwa na twiga wale wale, shingo zile zile, mia kwa mamia, kama mtoto aliyeandikishwa mstari mmoja ubaoni kwa adhabu. Hatumlaumu mchuuzi, ana watoto wa kulisha, naye huuza kinachonunuliwa. Twauliza tu kama nyumba iitwayo ya sanaa yaweza kuridhika kuwa mahali ambapo sanaa huuzwa, wala haifundishwi.

Tena tuliwatafuta wenyeji. Mchukuzi mmoja aliyetuonyesha njia, mzaliwa wa Ng'ambo, mtu mzima mwenye wajukuu, alituambia kwamba ndani ya ngome ameingia mara mbili maishani mwake, na mara zote mbili alikuwa amebeba mzigo wa mtu mwingine. Maneno yale yalitukaa moyoni kuliko taarabu ya usiku. Haki itendeke: waandalizi wa matamasha wamejitahidi. Wale wa sinema wamezipeleka picha zao mpaka vijijini, Unguja na Pemba, wakatandika kitambaa cheupe na watu wakakaa chini kutazama. Hilo twalisifu kwa moyo wote. Lakini kijiji kikipelekewa sinema, ngome bado haijawa ya kijiji. Nyumba huwa ya watu wanapokuwa na sababu ya kuingia siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, bila ya mgeni yeyote kuwapo.

Zahanati ya Kale tutaitaja kwa kifupi. Ni jengo la orofa nyingi lililoko kando ya bahari, lililoanzishwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, aliyefariki mwaka 1891 kabla halijamalizwa; lilikwisha mwaka 1894. Baraza zake za mbao zimechongwa kama ususi, na madirisha yana vioo vya rangi. Baada ya kuchakaa sana lilitengenezwa katika miaka ya 1990 na shirika la Aga Khan la utamaduni, na kwa ufundi hatujaona kazi iliyolishinda. Seremala wetu angelia kwa furaha. Nalo likaitwa kituo cha utamaduni. Tulipopita tulikuta utulivu mwingi na milango iliyofungwa. Tukaliona kama bibi arusi aliyevishwa akapambwa, na arusi haijafika. Fundi alitimiza wajibu wake. Waliobaki ndio wanaodaiwa.

Twaja sasa kwa jambo la kutisha. Jirani na Ngome Kongwe, hatua chache tu, ilisimama Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ambalo watu walilishangaa kwa taa zake za umeme na urefu wake. Katika siku zetu lilikuwa jumba la makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake ilibomoka, likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Noeli, likiwa mikononi mwa mafundi waliokuwa wakilitengeneza, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Sisi tulizipata habari hizo tulipotoka kanisani, na wengi hawakusadiki mpaka walipoziona picha.

Tumelitaja kwa sababu katika baraza yetu kijana mmoja alisema kwa ujasiri kwamba nyumba ikitumiwa haianguki, iachwayo ndiyo iangukayo. Ni neno zuri, tulilipenda, nasi tulikuwa karibu kuliandika hapa kama kanuni. Lakini si kweli yote. Beit al-Ajaib ilitumiwa miaka mingi, na ilianguka wakati ilipokuwa ikitibiwa. Nyumba ya chokaa huugua ndani kwa ndani. Maji huingia juu, katika ufa usiozidi unene wa ukucha. Yashuka ndani ya ukuta, yaozesha kichwa cha boriti mahali kilipolala ndani ya jiwe, pale ambapo jicho halifiki. Juu unaona niru nyeupe, nawe wasema nyumba nzima. Siku boriti inapokatika haina wakati wa kukuonya.

Na wengi wetu huizidishia ugonjwa kwa dawa. Katika kijiji fulani, ambacho hatutakitaja, waliona ukuta wao wa zamani unamomonyoka, wakachangishana fedha, wakanunua saruji, wakaukandika ukuta wote nje na ndani, wakafurahi. Mwaka wa tatu plasta ile ilianza kuvimba kama chapati. Sababu yake ni hii: ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji wakati wa mvua, na jua likiwaka huyatoa tena, hupumua. Saruji ni ngumu, haipitishi pumzi. Maji yakiisha kuingia hayana pa kutokea, na chumvi iliyomo hujikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma, ikiondoka na ngozi ya ukuta. Wale watu walitumia fedha zao kuifunga nyumba mdomo na pua. Na sisi pia tungalifanya hivyo hivyo. Magunia ya saruji yalikuwa yamekwisha kuandikwa katika daftari yetu, kwa mwandiko wetu wenyewe, nayo yamefutwa baada ya safari hii.

Iko na habari ya fedha, ambayo vijana hawapendi kuisikia. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika, kwa sababu fedha za wahisani hazikutosha; ikarudi mwaka 2017. Mwaka 2019 habari zilienea kwamba kile chuo cha muziki kilikuwa karibu kufungwa, kwa sababu hiyo hiyo. Haya ni mambo yenye jina kubwa duniani, yanayoletewa wageni kwa ndege. Ikiwa wao walitetemeka, kwaya yetu itasimama juu ya nini? Mtu hutoa kwa moyo mkunjufu siku ya kufungua nyumba, maana pana ngoma na pilau. Mwaka wa tano, panapotakiwa shilingi za kuziba ufa, hapana wa kupiga vigelegele. Twaona kosa la wengi, huko Unguja na huku kwetu, ni kuhesabu gharama ya kuifufua nyumba na kusahau gharama ya kuiweka hai.

Wako wanaosema kwamba haya yote hayana maana, kwa kuwa ngoma ya Mwafrika ni ya uwanjani na hadithi ni za jikoni kwa bibi, wala hazikuomba nyumba. Tuliifikiri hoja hii njiani, tukiwa melini. Ina ukweli. Hatutaki kuichukua ngoma uwanjani na kuifungia ndani. Itakufa, na masikio yetu pia. Walakini bibi wa zamani alikuwa na wajukuu kumi jikoni mwake, na wajukuu wa leo wako shuleni mchana, na jioni macho yao yamo katika simu. Fundi wa marimba wa kijiji chetu ni mmoja tu, na umri wake umepita sabini. Amesema mwenyewe kwamba yu tayari kufundisha, ila hataki kufundisha kwake, kwa sababu mkewe amechoka na kelele. Msomaji acheke akitaka. Sisi twaona kwamba kwa sababu hiyo moja nyumba yapata kazi.

Tulipima shule ya zamani tuliporudi, kwa kamba na kwa hatua. Ni chumba kimoja kirefu, upana wake ni wa boriti, kama zile nyumba za Unguja. Kwa kwaya yafaa kabisa; tuliimba wimbo mmoja ndani yake, watu wanane, na sauti ilijaa. Kwa marimba na kwa kuchonga yafaa, mafundi wakiwekwa huku na huku. Kwa michezo ya kuigiza haitoshi watazamaji, ila mlango wa kusini wafunguka uani, ambapo mwembe watoa kivuli, na mchezaji aweza kusimama kizingitini na watu wakakaa nje. Sehemu ya ukuta ambapo watoto wa kwanza walikwangua majina yao kwa msumari tumeomba isikandikwe. Mmoja wa majina yale ni la baba wa yule mzee aliyetaka mawe kwa zahanati. Hatukumwambia, alikwenda akaliona mwenyewe, akasimama hapo kitambo, kisha akauliza bei ya chokaa.

Wazee wameisikia taarifa yetu katika mikutano miwili. Wamekubali paa la pembe ya mashariki litengenezwe kwanza, kabla ya masika, na boriti mbili zitolewe zitazamwe vichwa vyake. Zahanati itapewa mawe ya ua wa nyuma, ambao umekwisha anguka zamani. Kwaya italipia chokaa kwa mavuno ya shamba lake la mihogo, na fundi wa marimba atapewa Jumanne na Alhamisi. Lililobaki bila kuamuliwa ni ufunguo. Vijana wanautaka ukae kwao, wazee wanautaka ukae kwa mwenyekiti, na akina mama, ambao ndio waliokuwa wakifagia shule ile siku zote, wamesema ukae kwao. Sisi tuliwaunga mkono akina mama, na kwa ajili hiyo wazee wawili hawajatuamkia tangu Jumapili. Shauri litaendelea baada ya kuvuna.